Pauni za zamani zisizo na tarehe: zinasomwaje, na ipi ya kuitilia shaka?

Noti_Kongwe:

Wakuu, habari za saa hizi. Naomba msaada wa kutambua noti za Uingereza zilizoko mezani hapa. Ukiacha ya kwanza, hakuna yenye tarehe. Naziandika zilivyo:

1. Pauni 5 nyeupe, kubwa karibu nusu ya karatasi ya A4. Wino mweusi, imechapwa upande mmoja tu. Nyuma kuna mhuri wa benki na jina la mtu kwa kalamu ya wino. London, 1937, saini ya K. O. Peppiatt. Ina matundu mawili ya pini.
2. Pauni 1 ya bluu yenye uwaridi kwa mbali. Peppiatt.
3. Shilingi 10, kahawia inayoelekea wekundu. P. S. Beale.
4. Pauni 5 ya bluu, mwanamke mwenye kofia ya vita, nyuma simba na ufunguo. L. K. O'Brien.
5. Pauni 1 ya kijani, Malkia Elizabeth. J. S. Fforde. Nyuma chini kuna herufi G ndogo sana.
6. Pauni 1 za Newton (zenye picha yake nyuma), kumi, namba zinafuatana. D. H. F. Somerset.

Nataka kujua: (a) ni za miaka gani, (b) ile nyeupe ni halali au ndiyo zile bandia za Wajerumani wakati wa vita, (c) nizinyooshe kwa pasi kabla ya kuonyesha wanunuzi, maana namba 3 na 4 zina mikunjo, (d) hapa ni pwani, unyevu ni mwingi, zihifadhiweje?

---

Saini_na_Herufi:

Kabla ya yote, jibu la (c): pasi iache kwenye nguo. Wenzangu watakueleza kwa nini.

Kuhusu miaka. Kwenye noti za Benki Kuu ya Uingereza, saini ndiyo kalenda. Anayesaini ni Keshia Mkuu, na akibadilika mtu inabadilika saini. Kariri hii:

Mahon 1925 hadi 1929
Catterns 1929 hadi 1934
Peppiatt 1934 hadi 1949
Beale 1949 hadi 1955
O'Brien 1955 hadi 1962
Hollom 1962 hadi 1966
Fforde 1966 hadi 1970
Page 1970 hadi 1980
Somerset 1980 hadi 1988

Saini inakupa dirisha. Rangi na uzi wa chuma vinalipunguza, halafu herufi zinazotangulia namba ya noti zinamalizia kazi. Kwa hiyo:

Namba 2 ni noti ya vita. Mchoro ni uleule wa 1928, ila mwezi Machi 1940 pauni ilitolewa kwenye kijani ikawa bluu, na mwezi wa nne shilingi 10 ikawa zambarau, kwa hofu kwamba Ujerumani ingefurika nchi kwa noti bandia. Ndipo pia ulipoingizwa uzi wa chuma ndani ya karatasi, jambo ambalo hakuna nchi iliyokuwa imelifanya kabla. Imulike dhidi ya taa: uone mstari mmoja mweusi usiokatika kutoka ukingo wa juu hadi wa chini. Usipouona, usikimbilie kusema umepata kasoro adimu. Shuku noti kwanza. Pauni ya kijani ilirudi 1948.

Hapo kwenye kijani ndipo wengi huteleza. Peppiatt alisaini pauni za kijani kabla ya vita na baada ya vita. Yenye uzi ni ya 1948 kuendelea, hilo halina mjadala. Isiyo na uzi kwa kawaida ni ya kabla ya 1940, lakini mwaka 1948 nako zilitolewa chache zisizo na uzi, kwa hiyo usiseme "hii ya 1934" mpaka umelinganisha herufi za mwanzo na katalogi. Katalogi za Kiingereza huzipa noti za Benki Kuu namba zinazoanza na B, na zile za Hazina T. Muuzaji anayejua kazi atakutajia namba hiyo bila kuombwa.

Namba 3 ni kati ya 1950 na 1955. Ina uzi pia. Angalia tu usiichanganye na ya Mahon, Catterns au Peppiatt wa kabla ya vita, maana rangi ni moja na mchoro ni mmoja.

Namba 4 ilianza kutumika 21 Februari 1957. Nyingine kama hiyo haipo. Ndiyo noti pekee ya Toleo B iliyowahi kuingia mtaani (matoleo hutajwa kwa herufi: A ni mchoro wa 1928, B ni huu, C ni wa Malkia kuanzia 1960, D ni lililofuata), na ni saini ya O'Brien tu iliyo juu yake. Ina aina mbili na ni rahisi kuzitofautisha: geuza nyuma utazame alama za £5. Za mwanzo zimejazwa mistari ya kivuli ndani, za baadaye ni nyeupe tupu. Mkusanyaji makini hutaka zote mbili, kwa hiyo unapouza taja ni ipi.

Namba 5 ni 1967 hadi 1970. Namba 6 ni 1981 hadi 1984.

---

Mdau_wa_Sarafu:

Hiyo G nyuma ya namba 5 ni ya George, kumbukumbu ya Mfalme baba yake Malkia. Inaongeza thamani sana.

---

Saini_na_Herufi:

Hapana mkuu. G ni ya Goebel, kiwanda cha Ujerumani kilichotengeneza mashine iliyochapa noti hizo. Waliiweka ili wachapaji wajue noti imetoka mashine gani. Ipo kwenye pauni za Hollom na za Fforde. Inaongeza kidogo, si "sana". Herufi ya kukuamsha usingizini ni R nyuma ya pauni ya O'Brien ya Toleo C, maana hizo zilikuwa za majaribio na ni chache mno. Vilevile L ndogo nyuma ya pauni 5 za Wellington zenye saini ya Page inaeleza njia ya uchapaji tu, haina siri nyingine.

Ukiwa na Toleo C tazama pia kama namba inaanza na M. Hizo ni noti za mbadala: karatasi ikiharibika kiwandani, badala ya kurudia namba ileile wanaweka noti ya M. Ni chache kuliko za kawaida, na watu wasiojua huziuza kwa bei ya kawaida. Hapo ndipo jicho lako linapolipwa.

---

Karatasi_ya_Portals:

Nianze na ile nyeupe, maana ndiyo inayobeba mzigo wa swali lako.

Umbo lake ni la zamani kuliko mtu yeyote aliye hai. Pauni 5 ya kwanza ilitoka 1793. Mwaka 1853 zilianza kuchapwa kikamilifu. Kabla ya hapo karani alijaza jina na kusaini kwa mkono wake. Mwaka 1855 aliingia Britannia, mwanamke anayeiwakilisha Uingereza, aliyechorwa na Daniel Maclise, yule aliyeketi ndani ya duara la juu kushoto, na hakuondoka mpaka noti nyeupe ya mwisho, yenye tarehe ya Septemba 1956. Miaka mia moja mchoro haukuguswa. Sababu ni kwamba ulinzi haukuwa kwenye mchoro bali kwenye karatasi. Portals wa Hampshire walikuwa wakitengeneza karatasi ya Benki tangu 1724, ya pamba na kitani, nyembamba lakini ukiitikisa inalia kama jani kavu. Ukiimulika unaona kivuli cha mistari ya mawimbi na maandishi ndani yake. Karatasi ilitengenezwa noti mbili kwa fremu moja kisha ikakatwa katikati, ndiyo maana kwa kawaida kingo tatu zina vinyuzi visivyo sawa na ukingo mmoja tu umenyooka. Noti nyeupe yenye kingo nne zilizonyooka kama kisu imepunguzwa na mtu, au ni nakala ya watalii.

Sasa suala la Wajerumani. Katika kambi ya Sachsenhausen, chini ya Bernhard Krüger, wafungwa Wayahudi walilazimishwa kutengeneza noti nyeupe za pauni 5, 10, 20 na 50. Takwimu inayotajwa ni noti takriban milioni 8.9 zenye thamani ya pauni milioni 134 usoni. Sehemu kubwa ilitupwa majini vita vilipokwisha, na mwaka 1959 nyingine ziliopolewa ziwa Toplitz huko Austria. Zilikuwa nzuri kiasi kwamba Benki iliacha kutoa noti za pauni 10 kwenda juu mwaka 1943, na mwaka 1945 ikazifutia uhalali.

Kazi yako iende hivi, kwa mpangilio huu:

Kwanza tafuta uzi. Noti nyeupe zilizotoka kuanzia Oktoba 1945 zina uzi wa chuma. Za Sachsenhausen hazina. Kwa hiyo noti nyeupe yenye uzi, au yenye saini ya Beale au O'Brien, si ya operesheni ile. Yako ni Peppiatt ya 1937, kwa hiyo kama haina uzi hilo halikuokoi wala halikuhukumu. Iko kwenye kundi la kuchunguzwa.

Pili, ondoa uwezekano wa nakala ya kisasa. Zima taa, tumia tochi ya UV ya nanomita 365. Karatasi ya kawaida ya ofisini inawaka buluu-nyeupe kama shati lililotoka kufuliwa. Noti ikiwaka hivyo ni nakala, au imeoshwa kwa sabuni. Kisha tumia lenzi ya mara 10: mstari halisi ni mweusi mfululizo. Ukiona vidoti vya rangi, hiyo imetoka kwenye printa.

Tatu, Britannia. Weka picha kali ya noti halali ya mwaka na saini ileile pembeni, kisha linganisha uso, mkono ulioshika mkuki, na taji lililo juu ya duara. Hapo ndipo mafundi wa kambini walipohangaika zaidi, na hapo ndipo mistari inapopoteza ukali. Picha ya noti ya mwaka mwingine haifai kwa kulinganisha.

Usidanganywe na matundu ya pini. Makarani wa Uingereza walikuwa na mazoea ya kutoboa noti nyeupe kwa pini ili zikae pamoja, na mafundi wa Sachsenhausen walilijua hilo. Walizitoboa zao, wakazikunja, wakazichafua ili zionekane zimetembea. Mhuri wa benki na jina nyuma ni ushahidi bora kidogo, kwa sababu wenye maduka walimtaka mteja asaini nyuma ya noti kubwa, lakini nao si kinga.

Ukibaki na shaka, ipeleke kwa muuzaji au nyumba ya mnada inayotoa dhamana ya maandishi. Usianze kwa kuipeleka Benki Kuu. Ikionekana bandia hulipwi, na hairudi mkononi. Na hata ikiwa ya Sachsenhausen bado ina soko lake. Wapo wanaokusanya hizo tu, mradi uitaje kwa jina lake.

---

Noti_Kongwe:

Asanteni sana. Nimefanya mlivyosema.

Namba 1: uzi haupo. Kwenye UV haiwaki. Kingo tatu zina vinyuzi, wa kushoto umenyooka. Kivuli cha mawimbi kipo.
Namba 2: uzi upo, mfululizo.
Namba 4: alama za £5 nyuma zina mistari ya kivuli.
Namba 5: nimeipima kwa rula ya chuma. Urefu 151 mm, kimo 69.5 mm. Haina mkunjo hata mmoja na inang'aa. Je, ni UNC, yaani mpya isiyotumika?

Na lile la pasi bado sijaelewa. Mkunjo ukiondoka si ndiyo daraja linapanda?

---

Daraja_EF:

Daraja halipandi, linaporomoka. Nitakueleza jinsi mnunuzi anavyoona.

Noti hizi zimechapwa kwa wino mzito unaosimama juu ya karatasi. Pitisha ncha ya kidole kwenye maandishi ya Bank of England, utausikia mparuzo. Upande wa nyuma, mahali hapohapo, karatasi imebonyea kidogo kwa sababu bamba la chuma liliisukuma kwa nguvu. Pasi au vitabu vizito juu ya noti yenye unyevu hulalisha vyote viwili: mparuzo unakufa, mbonyeo wa nyuma unapotea, karatasi inakuwa bapa na laini kama ya gazeti. Mkunjo wenyewe hauondoki. Nyuzi za karatasi zimeshavunjika pale, na wino juu yake umepasuka.

Jaribio la mnunuzi ni la dakika moja. Anaweka noti mezani, anazima taa ya juu, anashika tochi ubavuni karibu sambamba na meza. Mkunjo uliopigwa pasi unajitokeza kama mstari mweupe mwembamba kwenye wino, huku karatasi ikiwa tambarare kabisa. Vitu hivyo viwili haviwezi kukaa pamoja kwa asili. Mkunjo wa kweli una tuta. Akiona mstari bila tuta, anaandika "imepigwa pasi" na anashusha bei chini ya ile ambayo ungepata kwa noti iliyokunjika lakini haijaguswa.

Kuosha ni kubaya zaidi. Wino unapauka, hasa ule mwepesi wa chinichini, na ute uliokuwa unaipa karatasi ugumu unatoka. Ndipo wengine wanaongeza wanga ili irudi kuwa ngumu. Hiyo utaisikia sikioni: noti nzuri ikitikiswa inalia kwa mlio mkali, ya wanga inagonga kama kadibodi. Sabuni za siku hizi zina kemikali ya kung'arisha, na inabaki kwenye karatasi. Tochi ya UV inakuumbua papo hapo.

Madaraja kwa ufupi, kwa mtindo wa Waingereza. UNC ni noti isiyo na mkunjo, wala kona iliyolainika, wala alama ya kidole cha mhesabuji. EF inavumilia mkunjo mmoja wa katikati ulio wazi, au miwili hafifu, huku karatasi ikiwa bado inalia. VF ina mikunjo kadhaa lakini rangi ipo na uchafu ni kidogo. F imetembea sana, ni laini, kona zimeviringika. Chini ya hapo unakusanya tu kama noti ni adimu. Noti nyeupe hupewa msamaha kidogo: kwa ukubwa ule ilibidi ikunjwe mara nne au nane ili iingie pochini, na mihuri na pini zilikuwa desturi. Ila muuzaji anayeandika EF bila kutaja pini zako mbili ni mtu wa kuepuka.

Kampuni za Marekani hutumia pointi hadi 70 na hufunga noti kwenye plastiki ngumu yenye lebo. Kwa noti ghali inafaa. Kwa Newton ya mtaani, ada itazidi noti.

Sasa namba 5 yako. Pole. Si UNC. Pauni ya Toleo C ina vipimo vya 151 kwa 72 mm. Milimita moja inaweza kuwa hitilafu ya kisu cha kiwandani, lakini mbili na nusu ni mkasi. Iweke mbele yako ulinganishe ukanda mweupe wa juu na wa chini. Upande mmoja utakuwa mwembamba kuliko mwingine. Uwezekano mkubwa ukingo ulichanika au ulichakaa, mtu akaukata ili uonekane mpya. Ndiyo maana mimi hupima kwanza, kisha ndipo naangalia uzuri.

Chukua vipimo hivi, ni vya milimita:

Pauni 5 nyeupe: 211 × 133
Shilingi 10 Toleo A: 138 × 78
Pauni 1 Toleo A: 151 × 84
Shilingi 10 Toleo C: 140 × 67
Pauni 1 Toleo C: 151 × 72
Pauni 5 Toleo C: 140 × 85
Pauni 10 Toleo C: 150 × 93
Pauni 1 Newton: 135 × 67

Noti nyeupe haikukatwa kwa mashine kali, kwa hiyo ivumilie zaidi kidogo.

---

Hifadhi_Pwani:

Swali la (d) halijajibiwa.

Mfuko: polyesta safi, ile inayouzwa kwa majina ya Mylar au Melinex. Usitumie PVC. Utaijua PVC kwa harufu ya plastiki ya zulia jipya la gari na kwa kunata kidogo. Inatoa mafuta yanayoifanya noti iwe na madoa ya kijani au ya kunata, na hakuna dawa. Mifuko ya albamu za bei rahisi za picha mara nyingi ni hiyohiyo. Polipropilini inakubalika kwa noti za kawaida. Kulaminisha ni kuiua noti.

Chagua mfuko mkubwa kuliko noti kwa milimita 5 hadi 10 kila upande. Mfuko ukibana, kona zinajikunja wakati wa kuingiza. Kwa pauni 5 nyeupe utahitaji wa takriban 225 × 145. Usiikunje ili iingie mfuko wa noti ndogo, watu wengi hufanya kosa hilo.

Unyevu: lenga asilimia 40 hadi 50. Kwa Tanga, Mombasa au Unguja hewa ya nje haikupi hiyo hata siku moja, kwa hiyo tengeneza hewa yako. Chukua kopo la plastiki lenye mpira wa kuzuia hewa mfunikoni, weka silika jeli gramu 100 kwa kopo la lita 5, na kipima unyevu kidogo cha kidijitali ndani. Nunua silika inayobadilika rangi. Ikibadilika, ikaushe kwenye oveni nyuzi 110 kwa saa mbili, ipoe ndani ya chombo kilichofungwa, irudishe. Usishuke chini ya 30, karatasi inakuwa kavu na mikunjo inavunjika. Kopo likae mbali na ukuta wa nje na mbali na sakafu, kwa sababu ya mchwa.

Ukungu ukishaanza (vidoti vya kahawia au harufu ya kabati la zamani), tenga noti hiyo na nyingine siku hiyohiyo. Ikaushe hewani kivulini, usiifute.

Toa klipu na pini zote zilizobaki. Kutu inasafiri kwenye karatasi hata pini ikishatoka. Mkanda wa kunata uliokwishagandishwa usiuvute, utatoka na wino. Uache, uutaje unapouza.

---

Binti_Mkusanyaji:

Samahani kudandia uzi. Mimi nina shilingi 20 ya Afrika Mashariki yenye Mfalme George, imeandikwa pia "one pound". Benki Kuu ya Uingereza wanabadilisha?

---

Karatasi_ya_Portals:

Hapana dada. Benki Kuu ya Uingereza hubadilisha noti zake yenyewe tu, na hizo huzilipa thamani ya usoni bila kikomo cha muda, hata nyeupe. Yako ilitolewa na Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, chombo tofauti kabisa, ingawa zilichapwa na Thomas De La Rue wa London. "One pound" iko pale kwa sababu shilingi 20 zilihesabiwa sawa na pauni moja. Bodi iliacha nafasi yake kwa benki kuu za Tanzania, Kenya na Uganda zilizofunguliwa 1966, na noti zake leo zina bei ya mkusanyaji tu. Tazama mfalme ni yupi, George wa Tano au wa Sita, halafu tarehe iliyochapwa, maana hizi zinazo. Toleo la mwisho la 1964 halina mfalme wala malkia. Kuna jahazi.

Ukikutana na rupia ya karatasi ya Serikali ya Zanzibar, yenye jahazi na wachuma karafuu, kazi ya Waterlow & Sons, usiiuze kwa mtu wa kwanza anayekutajia bei.

---

Mchoro_na_Wino:

Niongeze la michoro kidogo, kwa sababu ndilo linaloamua mtu akusanye nini.

Noti za pauni 1 na shilingi 10 hazikuanza Benki Kuu. Vita vilipoanza Agosti 1914 watu walikimbilia dhahabu, na Hazina ikatoa pauni ya karatasi tarehe 7 ya mwezi huo, kwa haraka kiasi kwamba karatasi iliyotumika ni ya stempu za posta. Saini ni ya John Bradbury, na jina lake likawa jina la noti. Kuna zilizogongwa maandishi ya herufi za Kiarabu kwa ajili ya wanajeshi wa kampeni ya Dardanelles, huko Uturuki, 1915. Hizo ni za kukagua kwa lenzi, maana maandishi ya juu ni rahisi kughushi kuliko noti nzima. Baada ya Bradbury ni Warren Fisher. Kwa Fisher soma jina la nchi: "Great Britain and Ireland" ni kabla ya 1927, "Northern Ireland" ni kuanzia mwaka huo. Neno moja, na umeshapata mwaka.

Benki Kuu ilichukua kazi hiyo 22 Novemba 1928, kwa mchoro wa W. M. Keesey. Britannia tena. Stephen Gooden akamvika kofia ya vita 1957, na kwa maoni yangu hakuna noti ya Kiingereza iliyochorwa vizuri zaidi ya hiyo. Ndipo 1960 Robert Austin akamweka Malkia kwenye pauni, mara ya kwanza kwa mfalme au malkia kuonekana kwenye noti ya Benki. Wengi walilalamika kwamba hafanani. Reynolds Stone alifanya vizuri zaidi kwenye pauni 5 ya 1963. Nyuma yake Britannia ni kama mtoto, jambo ambalo hadi leo linawashangaza wanaoiona mara ya kwanza.

Toleo D ni la Harry Eccleston: Shakespeare kwenye pauni 20 mwaka 1970, Wellington 1971, Florence Nightingale 1975, Newton 1978, Wren 1981. Ilikuwepo shilingi 10 ya Walter Raleigh iliyochorwa kwa toleo hilo, lakini sarafu ya peni 50 ya mwaka 1969 ikaizika kabla haijatoka.

Sasa Newton zako kumi. Sarafu ya pauni iliingia 1983, noti ikaacha kutolewa mwisho wa 1984 na kufutwa 11 Machi 1988. Watu waliziweka kwa mamilioni wakidhani zitakuwa adimu, kwa hiyo hazijawa. Ikiwa imechakaa, thamani yake haizidi sana pauni moja. Zako zikiwa safi, uzito wake ni kwamba zinafuatana. Usiuze moja moja, na usivunje mfululizo kwa kumpa mtu zawadi ya katikati.

---

Noti_Kongwe:

Namba 5 nimeipima tena: ukanda wa juu karibu haupo, wa chini upo wote. Imekatwa juu kweli. Nifanye nini nayo?

---

Daraja_EF:

Iache kwenye albamu kama kijaza nafasi mpaka upate Fforde nzima, si noti ngumu kupata. Ukiiuza andika hivi: "Pauni 1, Fforde, G nyuma, imepunguzwa ukingo wa juu, kimo 69.5 mm." Piga picha pande zote mbili na rula ikiwa ndani ya picha.

Namba 1 ipige picha vilevile kabla ya kuituma kwa mtu yeyote: mbele, nyuma, ikimulikwa kwa taa, na Britannia peke yake kwa karibu. Tuma picha kwanza. Noti ifuate baadaye, kwa barua ya kusajiliwa, katikati ya vipande viwili vya kadibodi ngumu, ndani ya mfuko wake, bila kukunjwa.